Fidi pampu na filta mpya kwenye Cummins 5.9: pima presha kwanza, ndipo ununue

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam. Niko Fort Worth, Texas, nabeba mizigo kwa pikapu na tela la futi 40. Gari langu ni Dodge Ram 3500 ya mwaka 2001, injini Cummins 5.9 ya valvu 24, gia sita za mkono. Nililinunua mkononi mwa mtu likiwa limeshatembea maili 212,000.

Ndani ya miezi saba limenilia injekta pampu mbili. Ya kwanza ilikufa nikiwa I-20 naelekea Midland na mzigo wa mabomba. Wanaoijua njia hiyo wanakijua kilima cha Ranger, ukishaipita Weatherford. Si kama mlima Kitonga wa kwetu Iringa, ila ukiwa na chuma mgongoni utakiheshimu. Gari likakosa nguvu, likakohoa mara mbili tatu, taa ya cheki injini ikawaka, likazima. Kodi, yaani namba ya kosa kwenye kompyuta ya gari, ilikuwa P0216. Gereji wakafunga injekta pampu ya aina ileile, VP44, iliyokarabatiwa, na pamoja na ufundi nililipa dola 1,900. Nikauliza ile ya zamani imeuawa na nini, nikajibiwa pampu hizi hufa tu zenyewe. Baada ya miezi minne na nusu ikafa ya pili, kodi ileile.

Safari hii nikampata mzee mmoja, fundi wa matrekta nje kidogo ya mji. Gari lilikuwa bado linawaka kwa shida. Hakuunganisha kompyuta wala hakufungua kitu. Aliniuliza: "Presha ya dizeli inayoingia kwenye pampu ni ngapi?" Sikuwa na jibu. Akafunga geji ya mkono kwenye bomba linaloingia VP44. Sailensa, bila kukanyaga mafuta, ilisoma psi 5. Alipokanyaga, mshale ukagusa sifuri.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba dola zangu zote zimekwenda kwenye pampu iliyouawa, na muuaji nimemwacha garini. Naandika uzi huu kwa sababu najua kuna wengine wanapita njia hiyohiyo sasa hivi.

#2 Mleta uzi

Kwa asiyelijua gari hili. Dizeli inatoka kwenye tenki, inavutwa na fidi pampu ndogo ya umeme, inapita kwenye filta, inaingia injekta pampu ya VP44, kisha inakwenda kwenye nozo. VP44 haina oili yake. Dizeli yenyewe ndiyo inayoilainisha na kuipoza, na ile kompyuta iliyokaa juu ya pampu nayo inapozwa na dizeli hiyohiyo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mafuta yanayoingia hayachomwi, yanazunguka na kurudi kwenye tenki. Mafuta yakipungua, pampu inakosa kilainishi na kipoza joto kwa wakati mmoja.

Balaa ni kwamba VP44 ina uwezo wa kujivutia mafuta yenyewe kidogo. Fidi pampu inaweza kuwa imekufa kabisa na gari likaendelea kutembea wiki au miezi, dereva hajui lolote, hakuna taa ya presha ya dizeli kwenye dashibodi. Siku injekta pampu inapokata roho, kila mtu anaitazama yenyewe.

Kwenye gari langu fidi pampu ya kiwandani ilifungwa kwenye bloku ya injini, upande wa dereva. Maana yake inavuta dizeli kutoka kwenye tenki lililo nyuma, huku inakaangwa na joto la injini na kutikiswa nayo. Pampu za namna hii zinajua kusukuma kuliko kuvuta. Ya kwangu ilikuwa imechoka kwa umri, ila hata ikiwa mpya imewekwa mahali pagumu.

Namba ninazozishika mimi kwa VP44: sailensa psi 15 hadi 18, hiyo ni kama bar moja na kidogo. Ukiwa na mzigo, mguu wote chini, isishuke chini ya 10. Juu nako isivuke 20. Mtu akikwambia presha kubwa zaidi ni bora zaidi, mwache apite.

Kupima ni rahisi. Kwenye njia ya kuingilia VP44 kuna kitundu chenye pini kama ya valvu ya tairi. Funga geji hapo, soma sailensa, kisha ipitishe hozi ya geji hadi ionekane kwenye kioo cha mbele, uibane kwenye waipa, uende barabarani upande mlima na mzigo. Geji ya mafuta ya kusukuma moja kwa moja usiiingize ndani ya kabini hata kwa dakika moja. Hozi ikichomoka utakuwa unaoga dizeli huku unaendesha.

#3 Fundi pampu

Mkuu umesema kweli tupu. Mimi nipo Dar, kazi yangu ni pampu na nozo, miaka mingi sasa. Wateja wanane kati ya kumi wanaoniletea injekta pampu mezani wamekuja na pampu peke yake. Nikiwaambia nileteeni na gari nione mafuta yanafikaje, wanaona nataka kuwaongezea bili. Endelea.

#4 Mleta uzi

Asante fundi. Nije kwenye kuchagua.

Njia zilikuwa tatu. Kwanza, kurudisha fidi pampu ileile kama ya kiwandani palepale kwenye bloku. Ni rahisi, chini ya dola 200, na kwa mtu anayekwenda dukani na kanisani pengine inatosha, mradi awe na geji. Pili, kuweka pampu ndani ya tenki. Dodge wenyewe walihamia huko kwenye miaka ya mwisho ya 5.9. Tatu, mfumo kamili wa kufunga kwenye chasisi: mota, pampu, filta mbili na kidhibiti presha, vyote kwenye kipande kimoja cha alumini. Majina makubwa hapa ni FASS na AirDog.

Mifumo hii miwili inafanya kazi karibu sawa. Mafuta yanavutwa kutoka kwenye tenki, yanapita kwenye filta ya kwanza inayotenga maji, yanaingia kwenye pampu, yanasukumwa kwenye filta ya pili iliyo laini sana, ya mikroni 2 au 3, ndipo yanakwenda injini. Presha ikizidi, ziada inarudi kwenye tenki, na viputo vya hewa vinatolewa njia hiyohiyo. Kwa hiyo utakuwa na mipira mitatu: wa kuvuta, wa kupeleka, wa kurudisha.

Kuhusu hewa niseme ninavyoona. Dizeli inayochapwachapwa kwenye tenki inabeba hewa, hilo halina ubishi, na hewa haiilainishi pampu. Lakini asiyekuwa na presha aanze na presha. Mimi sikununua mfumo huu kwa ajili ya viputo, nimenunua ili mshale usianguke. Na ulaji wa mafuta kwenye gari langu haujabadilika, nilikuwa naandika kila galoni kabla na baada.

Sasa ukubwa. Ukifungua duka utakuta za galoni 95 au 100 kwa saa, halafu 150, 165, hadi zaidi ya 200. Kila muuzaji atakusukumia kubwa. Piga hesabu kwanza. Injini yangu kutoka kiwandani ni nguvu za farasi 245. Dizeli ya namna hii kwa nguvu zote inachoma kama pauni 0.36 kwa kila farasi kwa saa. Zidisha: pauni 88. Galoni moja ya dizeli ni kama pauni 7. Unapata galoni 12 na nusu kwa saa, na hapo umekanyaga mwisho saa nzima bila kuachia, jambo ambalo hakuna barabara inayokuruhusu. Weka juu yake mafuta ya kuipoza VP44, bado ya 95 au 100 inabaki na akiba nzuri. Hizo za 150 na 165 zina watu wake, waliobadili nozo na turbo na kuvuka farasi 500. Mota kubwa kwa injini ya kawaida ni kuchemsha dizeli bure, inaizungusha tenki kwenda na kurudi.

Nilichukua FASS ya 95, ile ya Titanium. AirDog II nayo niliiangalia sana. Rafiki yangu anayo kwenye Ram ya 2002 na haina shida. Kilichonisogeza upande mmoja ni kwamba filta za hii zinapatikana kwenye maduka ninayopita njiani, basi. Kwangu filta ninayoweza kuipata Odessa saa mbili usiku ni sababu tosha.

Kiti, yaani seti nzima ya kufunga, ilikuwa karibu dola 700. Na hapa ndipo wengi wanapokosea bajeti, wanamaliza hela yote kwenye pampu. Mimi niliongeza kama dola 250: bomba la kuvutia ndani ya tenki, mipira ya nusu inchi kuanzia kwenye tenki hadi VP44, banjo bolti (zile bolti ambazo dizeli inapita ndani yake) zenye tundu kubwa, na geji ya umeme na sensa yake. Ukiweka pampu nzuri halafu ukaacha vile vitundu vidogo vya banjo za zamani, umejenga bomba kuu la maji linaloishia kwenye mrija wa soda.

#5 Mgeni jukwaani

Samahani wakuu, hiyo geji ya umeme ni lazima? Gari langu linaniunguzia hela nyingine nyingi.

#6 Mleta uzi

Ndugu yangu, kama hela inatosha kitu kimoja tu mwezi huu, nunua geji. Pampu itasubiri. Bila geji hata pampu mpya hujui kama inafanya kazi.

Sensa iweke baada ya filta ya mwisho, karibu kabisa na injekta pampu, maana hapo ndipo presha ina maana. Ila usiifunge moja kwa moja kwenye banjo. VP44 inarudisha mapigo makali kwenye bomba, yanaua sensa ndani ya wiki chache. Weka mpira mfupi kati yake, na valvu ndogo ya sindano ambayo unaifungua kidogo tu, mshale utulie.

#7 Mleta uzi

Kufunga. Tulikuwa wawili, mimi na shemeji yangu, Jumamosi asubuhi hadi Jumapili mchana. Mfunga anayejua angemaliza kwa siku moja.

Kuna njia mbili za kulifikia tenki: kulishusha chini kwa jeki, au kuinua bodi ya nyuma. Sisi tuliinua bodi. Bolti nane, tukachomoa mpira wa kujazia mafuta na soketi ya taa, tukaomba msaada, watu wanne wakainyanyua na kuisogeza nyuma. Unafanya kazi umesimama, unaona kila kitu, na uchafu wa chini haukudondokei machoni. Tenki liwe limepungua hadi robo au chini yake. Kabla hujafungua kile kifuniko cha juu, osha na upulizie upepo. Kwenye gari langu palikuwa na mchanga wa Texas wa miaka ishirini, na wote ungeingia kwenye tenki.

Bomba la kuvutia. Unatoboa kifuniko cha juu cha ile moduli ya tenki, unapitisha bomba la nusu inchi hadi karibu na chini. Ncha ikate mshazari, nyuzi 45, ili isije ikalala sakafuni ikajiziba. Acha kama nusu inchi kutoka chini, na kumbuka tenki ni la plastiki, linatepeta likijaa, kwa hiyo pima likiwa kwenye mikanda yake, si likiwa limewekwa chini. Ukiacha nafasi kubwa, gari litaanza kuvuta hewa likifika robo tenki, na lawama utaitupia pampu. Mabaki ya plastiki ya kutoboa yatoe yote, tumia mkono na kitambaa kisichotoa nyuzi. Na kama unatumia kipande cha mpira ndani ya tenki, mpira wa kawaida wa mafuta haufai. Nje umetengenezwa kuvumilia hewa, si kuloweshwa dizeli mchana na usiku, utavimba na kumeguka. Tafuta ulioandikwa SAE J30R10.

Kurudisha tulitumia kiungo cha T kwenye mpira wa kujazia mafuta.

Pampu tuliifunga ndani ya chasisi upande wa dereva, filta zinaangalia chini. Hakikisha haiko chini kuliko mkono wa ekseli na haiko karibu na ekzosi. Sogeza kila kitu kwa mkono kabla ya kutoboa chasisi, jiulize filta utaifungulia wapi siku ya kubadilisha ukiwa umelala kwenye changarawe.

Umeme sasa, naomba hapa mnisikilize. Kwenye magari haya kompyuta ya injini ndiyo inayoipa fidi pampu ya zamani umeme moja kwa moja. Mota mpya inakula umeme mwingi zaidi. Ukiunganisha waya wa zamani kwenye mota mpya utaunguza kompyuta, na bei yake itakufanya uisahau ile ya VP44. Kiti inakuja na relei na fyuzi yake. Umeme mzito utoke kwenye betri, ule waya wa zamani ufanye kazi moja tu, kuamsha relei.

Kutoa hewa: washa swichi, gusa stata kidogo bila kuiacha injini iwake, rudisha swichi mahali pa kuwashia. Fidi pampu itanguruma yenyewe kama sekunde 25. Rudia mara tatu nne. Gari letu liliwaka kwa stata ya pili.

Mshale: 17 sailensa.

#8 Mleta uzi

Siku ya tatu asubuhi likagoma kuwaka upesi. Stata sekunde nane, tisa, ndipo linashika. Likishawaka liko sawa siku nzima, presha haitingishiki. Nikaangalia chini, pakavu, hakuna tone.

Mpira wa kuvuta ukiwa na tundu dogo haudondoshi mafuta, unavuta hewa. Ukiegesha usiku, hewa inaingia polepole na dizeli inarudi kwenye tenki. Nilinunua futi moja ya mpira unaoonyesha ndani, nikaufunga kwa muda kati ya filta ya maji na tenki, nikawasha. Viputo vinapita kama soda. Kosa lilikuwa langu: kiungo kimoja cha juu ya tenki nilikikaza kabla sijakiweka sawa, oringi ikakunjika. Oringi mpya, senti chache, viputo vikaisha. Ule mpira wa kuona ndani utoe baada ya kupima, haufai kukaa garini moja kwa moja.

Jumatatu iliyofuata nilipanda Ranger na mzigo uleule wa mabomba. Mshale ulishuka hadi 15, ukakaa hapo hadi juu.

#9 Dereva wa Minnesota

Mleta uzi, kazi safi sana. Mimi Mkenya, niko huku kwa baridi. Nina swali na pia onyo kwa wenzangu wa kaskazini. Ile filta ya zamani kwenye injini uliitoa ama uliiacha? Kwa sababu wengi wakifunga hizi sistimu wanaipita ile filta kabisa. Huku kwetu hiyo ni hatari. Ile ya zamani iko karibu na injini na ina hita ndani yake. Hizi mpya ziko chini ya gari, upepo wa January unazipiga moja kwa moja. Dizeli namba 2, ile ya kawaida, ikianza kuganda nta, filta ya mikroni 3 ndiyo inaziba kwanza. Na maji yakiwa kwenye filta ya kutenga maji, yanakuwa barafu. Mimi kila Ijumaa namwaga maji, nimeweka hita ya umeme kwa ile sistimu, na kutoka November najaza mafuta yaliyochanganywa na namba 1, ile dizeli nyepesi ya baridi.

#10 Mleta uzi

Nimeiacha, kaka. Nilikuwa nimeshajiandaa kuitoa, nikaona: sensa yangu iko baada yake, ikianza kuziba nitaona presha inashuka. Kwa hiyo hainidhuru, na inabaki kama mlinzi wa mwisho. Texas hatugandi kama huko, lakini hata kwa sababu ya uchafu tu naona iachwe. Wanaosema inapunguza mafuta wana haki kwenye magari yaliyoongezwa nguvu sana. Kwa farasi 245 sijaona hasara.

#11 Dereva wa Iowa

Mimi nina GMC Duramax LBZ ya 2006, kopo la filta liko juu ya injini. Nimetafuta fidi pampu gari zima sijaiona.

#12 Mleta uzi

Haipo, mkuu. Duramax za kuanzia 2001 hadi 2016 zilitoka kiwandani bila fidi pampu. CP3 yako, yaani injekta pampu ya gari hilo, inavuta yenyewe kutoka kwenye tenki, kupitia filta. Ndiyo maana kwenye gari lako mpira ukipata ufa popote njiani unavuta hewa bila kudondosha, na ile pampu ndogo ya mkono juu ya filta inakuwa laini. Kukuwekea fidi pampu ya 100 hapo kuna faida ya wazi: njia nzima inakuwa na msukumo, penye ufa patavuja na utapaona. Presha isiwe kubwa, fuata ya mtengenezaji kwa gari lako, usinakili zile namba zangu za VP44.

#13 Mwenye Ford

Na CP4, injekta pampu iliyomo kwenye gari langu? Nina F-250 6.7 ya 2014, nasikia vitisho kila mahali. Fidi pampu ya kufunga itaiokoa?

#14 Mleta uzi

Nisikudanganye: haitabadilisha pampu iliyomo. Ford 6.7 tayari ina fidi pampu ya umeme kwenye chasisi, pamoja na kitenga maji chake, kwa hiyo hauko kama Duramax ya zamani. Mafuta safi, yasiyo na maji wala hewa, yanaipunguzia CP4 sababu za kufa. Lakini ikifa, inasaga chuma na ule unga wa chuma unakwenda moja kwa moja kwenye reli (bomba la presha linalogawa dizeli) na nozo zote nane. Kinachotisha ni hicho, bili ya mfumo mzima. Kwa hiyo kabla ya mfumo wa dola 700, fikiria ile kiti ndogo inayoelekeza mafuta ya tumbo la pampu yarudi kwenye tenki kupitia filta, ili chuma kisifike kwenye nozo. Pampu utanunua, ila injini utabaki nayo. Ram nao waliweka CP4 kwenye 6.7 za 2019 na 2020, wakarudi kwenye CP3 mwaka 2021 na kuyaita magari hayo yabadilishiwe pampu.

Na usizisahau filta zako. Kile kitenga maji kimwage kila mwezi hata kama taa haijawaka.

#15 Mkazi wa Songea

Wakuu wa majuu mnatufundisha, ila sisi wa Hilux tufanye nini? Yangu ni ya injini 1KD, D-4D, natembea vijijini, mafuta mengine tunajaza kwenye madumu. Nifunge hiyo FASS?

#16 Mleta uzi

Kaka, usihangaike na FASS. Pampu ya Hilux hiyo ina kifaa chake cha kuvuta ndani, na Toyota waliipanga ivute. Adui yako wewe ni maji na mchanga wa madumu. Funga filta ya ziada inayotenga maji, ya mikroni 30, kabla ya ile ya kiwandani, yenye kikombe cha chini unachoweza kukifungua na kumwaga. Ya kiwandani iache palepale ifanye kazi laini. Ukiweka filta laini sana mbele ya pampu inayovuta, unaikaba koo, na hiyo ndiyo shida yangu ileile ya Ranger imehamia Songea. Fundi pampu atanisahihisha.

#17 Fundi pampu

Sina cha kusahihisha, naongeza. Waliokuwa na Land Cruiser 70 wanajua, Toyota waliweka chombo cha kuchuja maji chini ya chasisi tangu kiwandani na taa yake kwenye dashibodi. Watu wakikikuta kinavuja wanakipita kwa mpira mmoja na waya wa taa wanaukata. Nimeshaona zaidi ya ishirini.

Pia mafuta. Dizeli ya sasa hapa Afrika Mashariki ni ya salfa isiyozidi 50 ppm (sehemu 50 katika milioni) tangu 2015, ni safi kuliko ya zamani. Na ule uchakachuaji wa kuchanganya mafuta ya taa ulipungua hapa Tanzania baada ya ushuru wa mafuta ya taa kupandishwa mwaka 2011, maana faida yake iliondoka. Ila dumu la pembeni ya barabara halina EWURA, wale wasimamizi wa mafuta, wala ushuru. Mafuta ya taa hayana utelezi. Nikifungua pampu ya aliyeyatumia nakuta chuma kimekwaruzwa kama kimepigwa msasa. Hakuna filta inayochuja mafuta ya taa yakatoka dizeli. Mkazi wa Songea, jaza mjini, dumu liwe la dharura, na lichujie kwa kitambaa kizito kila mara.

#18 Dereva wa Iowa

Swali la mwisho kwa mleta uzi. Kwa nini hukuweka sampu, ile bakuli ya chini ya tenki? Watu wananiambia inamaliza hadi tone la mwisho.

#19 Mleta uzi

Ni kweli inamaliza, na mafuta yanashuka kwa uzito wake bila kuvutwa. Lakini unatoboa tundu kubwa chini ya tenki, na bakuli linaning'inia mahali ambapo vipande vya tairi za malori vinapiga. Pia chini ya tenki ndiko maji na tope vinakolala, unavipeleka vya kwanza. Kwa mtu wa mashindano sawa. Mimi nalala barabarani na gari hili, nilichagua bomba la juu.

#20 Mgeni jukwaani

Wakuu, nimerudi. Mimi ndiye niliyeuliza kuhusu geji. Gari langu ni Ram 2500 ya 2000, VP44 kama ya mleta uzi. Wiki mbili zilizopita gereji waliniambia injekta pampu inakufa, niandae dola 1,700, na nilikuwa nakwenda kulipa Ijumaa. Juzi nikaazima geji, nikafunga kwenye kile kitundu chenye pini. Sailensa inasoma 4. Nikikanyaga inakwenda sifuri. Gari bado linatembea, nguvu zimepungua kidogo tu, na kodi ya P0216 haijatokea. Kesho natakiwa kazini, maili 60 kwenda na kurudi. Nifanyeje?

#21 Mleta uzi

Usiende nalo kazini. Omba lifti kesho, tafadhali. Hiyo 1,700 usimpe mtu bado. Agiza fidi pampu leo usiku, hata ile ya bei nafuu ya kwenye bloku kama hela ya mfumo haipo, uifunge Jumamosi na hiyo geji ibaki palepale. Ikisoma 14 au 15 na nguvu zikirudi, VP44 yako umeiwahi. Niandikie namba utakayoiona. Kama uko upande wa Dallas nitumie ujumbe, Jumamosi nipo nyumbani na spana ninazo.